Binti ana disleksia, tunahamia Leeds

SWALI: Mume wangu amepata kazi Leeds, Uingereza, nasi tutamfuata. Binti yetu wa miaka 9 ana disleksia. Tumchagulie shule gani? – Mama, Arusha

JIBU: Dada, usianze na majengo wala matokeo ya mitihani. Huko England kila shule ya kawaida inayogharamiwa na serikali lazima iwe na mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu. Zungumza naye kabla hamjapanga nyumba, kwa sababu shule nyingi hutanguliza watoto wanaoishi karibu. Muulize nani atamfundisha binti kusoma, mara ngapi kwa wiki, na maendeleo yake yatapimwaje. Akikujibu kwa maneno ya jumla tu, tafuta kwingine.

Msaada wa shule usipotosha, mna haki ya kuiomba halmashauri imfanyie tathmini. Tangu ombi hadi mpango rasmi wa kumsaidia, muda usizidi wiki 20. Wakikataa, kateni rufaa. Bebeni ripoti za mwalimu na za mtaalamu, zote kwa Kiingereza.

Na tafadhali, nyumbani endeleeni kuzungumza naye Kiswahili. Disleksia si sababu ya kumnyima lugha yake.