Wakaao Mitini

JUMATANO

Soma Zaburi 104:16–18 na Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Miti imewekwa kuwa makao ya nani? Mpita njia akikuta kiota, anaruhusiwa kutwaa nini, naye anakatazwa nini?

Asubuhi ukungu unapoachia, aliyeko Kyimo huuona Mlima Rungwe juu ya migomba. Katika msitu wa mlima huo anaishi kima ambaye wawindaji walimwita kipunji muda mrefu kabla wanasayansi hawajamtambua mwaka 2003. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Jina la kipunji halikutungwa chuoni. Kama katika Mwanzo 2:19, aliyempa jina ni mtu aliyekuwa jirani yake.

Muumba alimpa kipunji mwili unaolingana na makao yake. Katika miinuko ile baridi ya usiku huweza kushuka chini ya sifuri, naye amevikwa manyoya marefu, mazito, na kishungi kilichosimama kichwani. Mkia wake, ulio mrefu kuliko kiwiliwili, humpa mizani anapopita matawini. Mlio wake ni wa pekee, nusu mbweko, nusu honi, na kwa huo kundi huitana mahali ambapo majani huzuia macho. Hula zaidi ya aina 100 za mimea: matunda, majani, maua, hata magome na kuvumwani.

Jirani zake wamepewa vipawa vingine. Mbega karibu hana kidole gumba. Vidole vyake vinne vilivyosalia hushika tawi kama ndoana, na tumbo lake lenye vyumba humwezesha kuishi kwa majani. Komba hutoka usiku, macho makubwa, miguu mirefu ya kurukia, na masikio anayoweza kuyakunja. Watoto waliowahi kusikia kilio chake gizani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini vipawa hivyohivyo humfunga kiumbe kwenye mti. Mkono uliofanywa ndoana haufai sana ardhini. Komba aweza kuishi hata kwenye miti iliyo kando ya mashamba, kipunji hawezi. Msitu ukikatwa vipande vipande, kundi hubaki upande mmoja kama watu ambao daraja lao limechukuliwa na mafuriko. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2008 yalikuwa kipunji 1,117 tu, katika Tanzania yote, na hakuna nchi nyingine wanakopatikana.

Hapo ndipo somo linapokuwa gumu. Kipunji hushuka wakati mwingine kula mahindi na maharage ya mashamba yanayopakana na msitu, na wenye mashamba wamewatega na kuwawinda kwa mbwa. Si haki kumwita mkulima huyo mkatili. Gunia la mahindi ni chakula cha nyumbani na ni sare ya mtoto wa shule.

Sheria ya kiota haimkemei mwenye njaa. Inampa makinda, ila inamtaka amwache mama aende zake, maana kwa huyo mama kiota cha mwaka ujao kitapatikana. Tena inasemwa na mtu aliye peke yake njiani, pasipo shahidi. Ahadi iliyoambatanishwa nayo, ya heri na ya siku nyingi, inafanana na ile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama (Kumbukumbu la Torati 5:16). Jambo dogo la kiota cha ndege limewekwa karibu na amri kumi!

Vivyo hivyo katika Mwanzo 2:15 kulima na kutunza viliagizwa kwa mtu mmoja, siku moja. Haikusemwa kwamba Adamu alime, kisha atafutwe mwingine wa kutunza.

Maswali ya kujadili: Mshiriki mwenzenu, ambaye shamba lake limepakana na msitu, amepoteza mahindi kwa kipunji siku tatu mfululizo. Anakusudia kutega. Kundi lenu likimtembelea Sabato alasiri, litamwambia nini? Na kabla ya kumwambia neno, litafanya nini kuhusu mahindi yake?