LAWINO, MWANAMKE ALIYEKATAA SAA



Mwalimu wetu wa Kiswahili ana desturi ya kutuuliza swali moja kila tumalizapo kitabu: "Je, mtu huyu ungependa awe jirani yako?" Kwa vitabu vingi swali hili ni jepesi. Lakini muhula uliopita, tulipomaliza habari za Lawino, darasa liligawanyika, na kelele zetu zikafika hata chumba cha walimu. Wengine walisema kwamba Lawino ni mshamba mwenye ulimi mkali, wala wasingekaa naye ua mmoja hata kwa siku mbili. Wengine walisema kwamba ndiye mwenye akili peke yake katika kitabu kizima. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Katika somo hili nataka kueleza kwa nini nilitoka katika kundi hilo, ingawa la pili nalo sikuingia.

Kwanza yafaa tumjue mtungaji. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini ya Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na mama yake alikuwa mwimbaji na mcheza ngoma aliyejulikana sana katika nchi ya Waacholi. Okot alisoma, akawa mwalimu, akacheza mpira wa miguu, na mwaka 1956 akasafiri na timu ya Uganda kwenda Uingereza. Wenzake waliporudi, yeye alibaki huko kusoma: Bristol, kisha Aberystwyth, kisha Oxford. Alifariki mwaka 1982. Nayataja haya kwa sababu kitabu chake kinavicheka vitabu, na mtu asije akadhani kwamba kilitungwa na mtu asiyejua kusoma.

Okot alikitunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiingereza, kikapigwa chapa Nairobi mwaka 1966. Paul Sozigwa alikifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1975 kwa jina la Wimbo wa Lawino. Si riwaya ya namna tuliyoizoea, bali ni wimbo mrefu wenye sura 13. Lakini ndani yake mna mume, wake wawili, ugomvi wa nyumbani, na mtu mkuu mmoja anayesema tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo twaweza kukisoma kama tusomavyo hadithi yo yote ya kuchekesha.

Lawino ni nani

Lawino ni mke wa kwanza wa Ocol. Hakusoma. Zamani, alipokuwa msichana, alikuwa kiongozi wa wasichana wenziwe katika ngoma, na Ocol mwenyewe alimbembeleza kwa siku nyingi. Baadaye Ocol alipata elimu ya juu, na sasa anamwona mkewe kuwa mjinga na mchafu. Amependa mwanamke mwingine, jina lake Clementine, ajuaye kupaka poda na kusema Kiingereza. Basi Lawino anawaita watu wa ukoo wake na kuwashitakia mambo ya mumewe, moja moja: mavazi, nywele, ngoma, jiko, saa, dini, dawa, siasa, na mwisho vitabu.

Kwa ufupi, hapana jambo la kisasa asilolinung'unikia. Mtu wa namna hii katika kitabu huwa ni wa kuchekwa. Tumekwisha waona wengi katika hadithi: mzee anayeogopa gari moshi, bibi anayesalimia redio. Hata sisi tulianza kumcheka Lawino kwa njia hiyo.

Jinsi anavyochekesha

Dawa ya kuchekesha aliyo nayo Lawino ni moja tu, nayo ni kuieleza kila kitu kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Midomo ya Clementine iliyopakwa rangi nyekundu, yeye huiona kama kidonda. Poda usoni humkumbusha majivu ya mchawi. Akitazama dansi ya kizungu, huona watu wamekumbatiana ndani ya nyumba yenye moshi na giza, wala mtu hajali anayemshika ni mke wa nani. Sisi tumeyaona mambo hayo tangu utoto, kwa hiyo hatuyaoni tena. Yeye anatufumbua macho, nasi twacheka.

Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, ni ule wa saa. Ocol ana saa kubwa inayogonga kengele, naye anaionea fahari. Lawino hajui kuisoma. Mumewe akiuliza ni saa ngapi, hawezi kujibu, na mumewe hukasirika. Sisi tuliolelewa na kengele ya bweni tulicheka sana hapo. Lakini soma mbele kidogo. Lawino asema kwamba mtoto hunyonya anapolia kwa njaa, na hulala anaposhikwa na usingizi; wala hapana mama mwenye akili atakayemwambia mtoto angoje hata saa fulani. Ocol naye hana nafasi ya kukaa na mgeni, hawezi kuvumilia kilio cha mtoto, naye hukimbizwa na saa yake kutwa kucha kama mtumwa anayekimbizwa na bwana wake. Hapo kicheko kinahama. Tulianza kumcheka mke, na kabla ya sura kwisha tukajikuta tunamcheka mume.

Nasi watu wa Rumonge tusijifanye hatujui saa ya Lawino. Hapa kwetu wavuvi wa ndagala huingia ziwani usiku na taa, kwa maana samaki hao hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya maji yote, taa hazina kazi, na mitumbwi hupumzika. Mke wa mvuvi hukopa na kulipa kwa kuhesabu mwezi wa mbinguni, wala hatazami karatasi iliyotundikwa ukutani. Kwa hiyo mtu asiyesoma saa si lazima awe hajui wakati.

Mahali anapoona vizuri

Lawino hasemi mambo ya nyumbani tu. Ocol ni mkubwa katika chama kimoja cha siasa, na ndugu yake wa tumbo moja yumo katika chama kingine. Wote wawili wanahubiri Uhuru na umoja, lakini hawapendi hata kukutana. Lawino anauliza: umoja gani huu unaowatenga watoto wa mama mmoja, na umaskini wa watu unapigwa vita lini? Mwanamke asiyejua kusoma ameuliza swali ambalo wasomi wa kitabu hawalijibu.

Tena yako mambo ya dini. Anasimulia jinsi alivyofundishwa maneno ya sala ayaseme kama kasuku, bila kuelezwa maana yake, na jinsi walimu walivyochukia maswali yake, hata akakimbilia ngoma. Sisi wa shule ya misheni sura hiyo tuliisoma kimya kimya. Lakini ukiisoma kwa haki utaona kwamba Lawino alitaka kujua. Aliuliza, akanyimwa jibu.

Mahali anapokosa

Hata hivyo si haki kumsifu tu. Kundi la pili la darasa letu walitaka kumfanya Lawino awe nabii, nami nilikataa kwa sababu hizi.

Kwanza, anamtukana Clementine kwa ajili ya mwili wake na umri wake. Hilo si jambo la mila wala la ustaarabu. Ni wivu, na Lawino mwenyewe karibu anaukiri. Pili, jiko la stima analiogopa kabla ya kujifunza kulitumia, na hofu si hoja. Tatu, katika dawa, anakubali kwamba dawa za wazungu zina nguvu, lakini asema kwamba za Waacholi nazo zina nguvu, na kwamba kifo kikifika hakuna ya kukizuia. Maneno haya ni mazuri kwa wimbo. Kando ya ziwa letu, lakini, yanaweza kuleta matanga.

Wazee husema, "Mwacha mila ni mtumwa." Ocol ni mtumwa kweli kweli. Lakini mila nazo zina nyingine za kuacha. Basi tutajuaje ipi ya kushika na ipi ya kuacha? Nilikwama hapo, mpaka nilipokumbuka jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Mjukuu aliyekuwa Ocol

Nilipokuwa na umri wa miaka 16 nilirudi likizo wakati wa kipindupindu, ugonjwa uliorudi mara nyingi katika pwani hii ya ziwa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kutia dawa katika maji ya kunywa. Nilifika na vidonge vyangu, nikamkuta nyanya yangu, mama wa mama yangu, akinywa maji ya ziwani kutoka mtungini. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba watu wajinga ndio wanaoleta ugonjwa mjini. Kisha nikatia vidonge mtungini bila kumwomba ruhusa.

Nyanya hakujibu. Aliubeba mtungi, akamwaga maji yote nje ya mlango, akamtuma mdogo wangu ziwani kuchota mengine. Siku chache baadaye mdogo wangu alishikwa na kipindupindu. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya usiku, akatiwa maji mwilini, akanyweshwa maji yenye chumvi na sukari, akapona. Siwezi kusema kwa hakika kwamba aliupata ugonjwa kwa maji yale. Lakini tangu siku hiyo nilimhesabu nyanya kuwa mkosaji, na sikumwambia neno jema likizo nzima.

Muhula uliopita, nilipokuwa nikisoma Lawino, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Karibu na mwanzo wa wimbo, Lawino asema kwamba hamkatazi mumewe kuoa mke wa pili, wala hamzuii kufuata ya wageni akitaka. Anamwomba jambo moja: aache matusi. Tena katika sura ya mwisho hamwambii Ocol achome vitabu wala avunje saa. Anamtaka ajitibu, awaombe radhi wazee aliowadharau, kisha amruhusu mkewe acheze ngoma mbele yake, aone mali iliyomo nyumbani mwake. Iko pia methali ya Waacholi anayoitegemea, kwamba boga lililoota katika kiwanja cha zamani halifai kung'olewa. Mmea ule haumzuii mtu kujenga nyumba mpya kwingine, na mpita njia akiwa na njaa utamfaa. Kuung'oa ni uharibifu mtupu.

Basi ndipo nilipofahamu. Katika ugomvi ule wa mtungi palikuwa na mambo mawili, nami niliyachanganya: dawa ya maji, na dharau. Nyanya alikuwa na kosa katika la kwanza. Mimi nilikuwa na kosa katika la pili, na kosa langu ndilo lililomfungia njia ya kulisahihisha lake.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta akichemsha maji ya kunywa. Dada yangu alikuwa amemwomba kwa adabu, miezi mingi nyuma, naye akakubali kwa shauri lake mwenyewe: maji yaliyochemshwa, asema, hayana ladha, kwa hiyo huyatia majani ya mchaichai. Vidonge vyangu bado hataki hata kuviona. Aliniambia, "Mjukuu wangu, kunywa. Haya hayakunitukana."

Mwisho wa somo

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukutanapo kitabuni na mtu anayekataa mambo ya kisasa, tusifanye haraka kumcheka wala kumwinua. Tuulize mambo matatu. Je, kitu anachokikataa amekijua? Kikikosekana, ni nani atakayeumia? Na je, anakikataa kitu chenyewe, au anamkataa yule anayemletea kwa dharau? Okot p'Bitek, aliyelala katika nyumba zote mbili, ya mama mwimbaji na ya Oxford, hakutuandikia majibu. Alimpa Lawino sauti, na kosa lake akamwachia, tuyatenge wenyewe.

Mwalimu akiniuliza leo kama ningependa Lawino awe jirani yangu, nitajibu ndiyo. Lakini maji nitachemsha.

Maswali kwa wenzangu wa madarasa ya chini:

1. Taja mahali pawili ambapo kicheko kinamhama Lawino na kumwangukia Ocol. Kinahamaje?
2. Lawino anamchekaje Clementine? Je, ana haki? Toa sababu.
3. Eleza methali ya boga kwa kutumia mfano wa kijijini kwenu.
4. Kama wewe ni Ocol, ungemweleza Lawino matumizi ya saa kwa maneno gani, asione ametukanwa?

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Rumonge.