Nyaya Mbili, Je, Ni Kasi Maradufu?
Mnunuzi wa seva ndogo ya kuhifadhia data huweza kuambiwa kuwa ikiunganishwa na swichi kwa nyaya mbili, kasi itaongezeka maradufu. Tunamsihi apime kauli hiyo kabla ya kulipa. Nyaya mbili za gigabiti 1 kwa sekunde kila mmoja, zikiunganishwa kwa kiwango cha IEEE 802.1AX, hugawana mawasiliano. Lakini faili moja inayonakiliwa na kompyuta moja kwa kawaida hupita katika waya mmoja tu. Faida hupatikana watumiaji wanapokuwa wengi, au waya mmoja unapokatika na kazi ikaendelea kupitia uliobaki. Muulize muuzaji iwapo swichi yako inakubali kiwango hicho, na jibu lake liandikwe kwenye risiti.