Vichomeo vya Maabara: Tujue Tunachochangia



Wazazi wa huku Namboboto wakiitwa kwa harambee ya maabara, wanatoa pesa, lakini vifaa vyenyewe wengi hawavijui. Kemia ya KCSE ina mtihani wa vitendo. Mtoto ambaye hajawahi kuwasha kichomeo ataanza kujifunza siku hiyo hiyo ya mtihani! Basi leo tujifunze aina zake.

1. Bunsen. Wanafunzi wanakiita "bana". Fundi Peter Desaga alikitengeneza mwaka wa 1855 huko Heidelberg, Ujerumani, kwa maabara ya Robert Bunsen. Kina kitako kizito, kitundu cha gesi, bomba lililosimama na pete ya hewa. Ukifunga pete, moto ni wa manjano na unatoa masizi. Ukiifungua, moto ni wa buluu na mkali.

2. Teclu. Chini ya bomba kumepanuka kama faneli, na hewa inapimwa kwa kuzungusha kisahani. Moto wake ni mkali kuliko wa Bunsen.

3. Meker. Mdomo wake ni mpana na una wavu wa chuma unaozuia moto kurudi ndani. Ni cha kazi ya joto jingi. Kwa sekondari zetu, Bunsen inatosha.

Kabla ya kununua, uliza: shule inatumia gesi gani? Gesi ya mtungi inataka kitundu chembamba. Gesi ya samadi ya ng'ombe inataka kitundu kipana zaidi. Mkikosea hapo, pesa ya kikundi imepotea.

Usalama

- Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Mtungi ukae nje, mahali penye hewa.
- Kuwasha: funga pete ya hewa, washa kiberiti, ndipo ufungue gesi.
- Moto ukirudi ndani ya bomba, funga gesi. Usishike bomba, litakuunguza. Ngoja lipoe, punguza hewa, uwashe tena.
- Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya stima. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje.

Akina mama wenye jiko la gesi nyumbani, haya yanawahusu pia. Moto wa manjano unaopaka sufuria masizi unaonyesha kwamba hewa haitoshi.

Maswali ya kikundi

1. Shule yetu ina vichomeo vingapi vinavyofanya kazi?
2. Mtungi wake umewekwa wapi?
3. Nani kati yetu atakwenda kumwuliza mwalimu wa kemia, na lini?