Mbwa anayewarukia watu wa sura ngeni anaweza kusaidiwa

Karibu kila mtaa mjini una lango lenye kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili wamelalamikia sarufi ya kibao hicho kwa miaka mingi, lakini mpita njia hana muda wa kusahihisha. Yeye huvuka upande wa pili wa barabara na kuendelea na safari yake.

Nyuma ya malango hayo huwa kuna mbwa wa aina mbili. Wa kwanza humbwekea kila mgeni, kisha hutulia mwenye nyumba anapomkaribisha. Wa pili ni mpole kwa watu wengi, ila akimwona mtu wa sura fulani hubadilika ghafla. Huenda ikawa ni mwendeshaji wa bodaboda mwenye helmeti, mzee mwenye mkongojo, mama aliyevaa buibui, mtu anayetembea kwa magongo, mwanamume mwenye ndevu nyingi au fundi aliyebeba ngazi begani. Somo letu la leo linamhusu mbwa huyu wa pili.

Wapo watakaouliza suala hili linahusu nini na afya. Linahusu sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu maradhi yote hayo humfikia binadamu kupitia mbwa. Watoto walio chini ya umri wa miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mnamo 1912, katika mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuumaliza miongoni mwa binadamu ifikapo 2030. Isitoshe, hata mbwa asiye na kichaa anaweza kurarua uso wa mtoto au kumwangusha mzee asiyeweza kukimbia.

HAJUI MWIZI, ANAJUA ASICHOKIZOEA

Wenye mbwa wengi hujigamba: "Mbwa wangu anajua wezi. Akimwona mtu mbaya tu, anamrukia." Ukichunguza utaona kwamba "mtu mbaya" huyo mara nyingi ni mwokota chupa aliyebeba gunia, kibarua mwenye nguo zilizochakaa au mlemavu anayepita zake. Mbwa hana namna ya kupima tabia ya mtu kwa kumtazama akipita barabarani. Anachokiona ni umbo ambalo halimo katika kumbukumbu zake.

Mbwa humtambua mtu kwa harufu, sauti, mwendo na umbo la mwili wake. Helmeti huficha macho na mdomo, na kichwa huonekana kikubwa kupita kiasi. Kofia pana hubadili umbo la kichwa na mabega. Magongo na mikongojo hubadili mwendo na kuongeza kitu kirefu ambacho pengine mbwa huyo amewahi kuchapwa nacho. Mtu aliyebeba mzigo kichwani huonekana mrefu ajabu. Kwa mbwa aliyekulia ndani ya ua mmoja, akiwaona watu watano tu maisha yake yote, hawa wote ni viumbe wapya.

Basi yule anayebweka, akaonyesha meno na kurukaruka langoni mara nyingi ni mbwa mwenye hofu. Anajaribu kumfukuza anayemwogopa. Na kwa kuwa mwendeshaji wa bodaboda huacha mzigo na kuondoka, mbwa huamini kwamba mbinu yake imefaulu. Kesho atabweka zaidi.

HOFU HII HUANZIA WAPI?

Mara nyingi huanzia utotoni. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vilebu waliolelewa katika uwanja uliozungushiwa ua bila kuzoeana na watu. Kila kundi la vilebu lilitolewa likiwa na umri tofauti, likakaa na watu kwa juma moja. Wale waliokutana na binadamu mara ya kwanza wakiwa na majuma 14 walibaki na woga ambao haukutoka kwa urahisi.

Kutokana na tafiti kama huo, madaktari wa wanyama husema kwamba kipindi bora cha kumzoesha kilebu ni kati ya majuma matatu na 14 hivi. Katika kipindi hicho anapaswa kuwaona watu wengi wa kila aina: warefu na wafupi, wazee na watoto, wenye kofia, miwani na miavuli, wanaotumia viti vya magurudumu na wanaobeba mizigo. Kwa kuwa wakati huo chanjo zake bado hazijakamilika, mbebe mikononi badala ya kumwacha anusenuse barabarani.

Sababu nyingine ni tukio baya, kwa mfano kupigwa rungu au kurushiwa mawe. Aidha kuna mnyororo. Mbwa anayefungwa mchana kutwa hawezi kukimbia anapoogopa, kwa hiyo hujifunza kutangulia kushambulia.

KWANZA, DAKTARI

Kabla ya kuanza mafunzo yoyote, mpeleke mbwa wako kwa daktari wa wanyama. Mbwa mwenye maumivu ya masikio, meno au viungo hukasirika upesi. Mbwa mzee ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho hushtuka kwa sababu hakumwona mtu akija.

Ikiwa mbwa aliyekuwa mpole amebadilika katika muda wa siku chache, akawa anatokwa na mate mengi, sauti yake imebadilika, anauma vitu ovyo au miguu inalegea, usijaribu kumfundisha wala kumshika. Huenda ana kichaa. Hakikisha amefungiwa mahali salama bila mtu kumgusa, kisha uarifu ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Hakikisha pia kwamba chanjo yake ya kichaa imefanywa. Kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mbwa anayewarukia watu hafai kukosa chanjo hata siku moja.

PILI, USALAMA WA WAPITA NJIA

Mafunzo huchukua majuma au miezi, na katika muda huo watu wataendelea kupita. Lango lifungwe kwa komeo. Ikiwa anaona barabara kupitia lango la vyuma, funika sehemu ya chini kwa mabati au mbao. Mgeni akitarajiwa, mbwa awekwe chumbani au nyuma ya nyumba mapema, kabla kengele haijalia.

Unapomtoa nje, tumia kamba imara na ushike mwenyewe, usimpe mtoto. Mzoeshe pia kuvaa kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kinachomruhusu kuhema, kunywa maji na kupokea kipande cha nyama. Mzoeshe taratibu kwa kuweka chakula ndani yake kwanza, asije akakichukia.

TATU, MAFUNZO YENYEWE

Msingi wake ni wa zamani. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula tumboni, alionyesha kwamba mbwa anaposikia sauti fulani kila mara kabla ya kulishwa, hatimaye hudondokwa na mate kwa kuisikia tu. Mwaka 1924, Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aliyemwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo, mpaka mtoto akamgusa bila woga. Mbwa naye hufundishwa vivyo hivyo: sura inayomtisha iwe dalili kwamba kitu kizuri kinakuja.

Tuchukue mfano wa mbwa tutakayemwita Simba, anayewachukia watu wenye helmeti.

Hatua ya kwanza ni kutafuta umbali wa utulivu. Huu ni umbali ambao Simba anamwona mwenye helmeti, anamtazama, lakini bado anaweza kula na kukusikiliza. Huenda ikawa mita 10 au 40. Dalili za kwamba umekaribia mno ni mwili kukakamaa, manyoya ya mgongoni kusimama, kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi na kukodoa macho. Ukiziona, rudi nyuma upesi bila kelele.

Hatua ya pili ni helmeti bila mtu. Iweke chini uani. Simba akiitazama tu, mpe kipande cha maini au nyama kilicho kidogo kama punje ya mahindi. Helmeti ikiondolewa, nyama nayo inakwisha. Utaratibu huu ni muhimu: helmeti itangulie, nyama ifuate. Ukianza na nyama, Simba ataanza kuishuku nyama.

Hatua ya tatu, mtu wa nyumbani aichukue helmeti mkononi, kisha aiweke kichwani akiwa mbali, halafu atembee nayo. Kila mara Simba anapomwona, apate nyama.

Hatua ya nne, mwombe rafiki ambaye Simba hamfahamu avae helmeti na kusimama katika ule umbali wa utulivu, Simba akiwa amefungwa kamba. Rafiki asimame upande, asimkodolee macho, asiiname juu yake wala kumnyoshea mkono. Wewe ndiye utakayetoa nyama. Usimruhusu rafiki amlishe mkononi, kwani mbwa mwenye tamaa ya chakula anaweza kusogea karibu mno, nyama ikiisha akashtuka na kuuma. Siku ya pili au ya tatu, Simba akiwa mtulivu kabisa, sogeeni hatua moja au mbili.

Hatua ya tano ni kubadilisha watu, mahali na saa. Mbwa aliyezoea helmeti nyekundu uani anaweza bado kuogopa nyeusi barabarani. Kila mara unapobadilisha jambo moja, anza tena mbali.

Dakika tano hadi 10 kwa siku zinatosha. Dalili ya maendeleo ni Simba kumwona mwenye helmeti kisha kukugeukia wewe, kana kwamba anauliza: "Nyama yangu iko wapi?"

MAKOSA YANAYOZIDISHA UBAYA

Kosa kubwa ni kumchapa mbwa anapobweka. Mbwa aliyechapwa hujifunza kwamba mtu mwenye helmeti akitokea, fimbo hufuata, na hofu yake hupata sababu mpya. Kosa la pili ni kumwadhibu anaponguruma. Mngurumo ni onyo. Mbwa aliyekatazwa kuonya huuma bila kuonya.

Kosa la tatu ni kumvuta kwa nguvu mpaka mbele ya anayemwogopa "ili azoee". Kosa la nne ni kumpa dawa za binadamu ili atulie. Zipo dawa ambazo daktari wa wanyama anaweza kumwandikia mbwa mwenye hofu kali, zikaenda sambamba na mafunzo, lakini kipimo ni chake daktari.

Wengine huhofia kwamba mbwa atapoteza ukali wake na nyumba itabaki bila mlinzi. Hofu hiyo haina msingi. Mbwa aliyefundishwa hivi bado atabweka usiku akisikia mtu ukutani. Tofauti ni kwamba atanyamaza ukimwambia, na hatamrarua jirani mwenye magongo.

AKIUMA MTU

Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usipake mafuta, pilipili wala kahawa. Kisha mwathiriwa aende hospitali siku hiyo hiyo, ambako daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa, ambayo hutolewa zaidi ya mara moja kwa tarehe maalumu. Asiruke hata moja. Mara nyingi dalili za kichaa hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuchunguzwa na daktari wa wanyama kwa siku 10, kwa sababu hali yake humsaidia daktari wa hospitali kujua la kufanya.

Wafundishe watoto pia. Mbwa wasiyemjua akiwajia, wasikimbie wala kupiga mayowe. Wasimame tuli kama mti, mikono ubavuni, macho chini, mpaka aondoke.

ZOEZI LA JUMA HILI

Kama una mbwa wa namna hii, chukua daftari na upige mistari mitatu ya safu. Kwa siku saba, andika kila anayemkasirisha alivyoonekana, alikuwa umbali gani, na mbwa alifanya nini kwanza kabla ya kubweka. Mwisho wa juma utajua anachokiogopa hasa ni kofia, fimbo, mzigo au mwendo. Daftari hilo ndilo utakalompelekea daktari wa wanyama, na hapo ndipo mafunzo yataanzia.