Damu Ikipungua, Anza na Tumbo

Mgonjwa anapoambiwa wingi wa damu yake umeshuka hadi 8, fikra ya kwanza ni kuiongeza. Nyumbani ataandaliwa juisi ya rozela na bitiruti, duka la dawa litamuuzia chupa ya dawa ya kuongeza damu, na baada ya wiki kadhaa atapata nafuu. Miezi ikipita, kizunguzungu kinarudi, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, na kipimo kinasoma namba ileile. Wagonjwa wengi wa namna hii wametibiwa damu bila kuulizwa habari za tumbo.

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, lakini malighafi yake huingia mwilini kupitia tumbo. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na asidi ya tumbo husaidia kuyayeyusha. Vitamini B12 hushikwa na protini inayotoka kwenye ukuta wa tumbo, kisha hufyonzwa mwishoni kabisa mwa utumbo huohuo. Hitilafu yoyote katika safari hiyo huathiri damu, na damu ikiathirika, ubongo, moyo na misuli havisalimiki.

Kijiko kimoja cha chai

Kwa siku moja, mwili wa mtu mzima hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu za madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Mililita 1 ya damu hubeba takriban nusu miligramu ya madini hayo. Kwa hiyo anayevuja damu tumboni kiasi cha kijiko kimoja cha chai kila siku, yaani mililita 5, anapoteza madini mengi kuliko anayopata, hata kama anakula vizuri. Kiasi hicho hakibadilishi rangi ya choo. Mtu anaweza kuvuja mwaka mzima bila kuona tone.

Safura: mnyoo unaoingilia miguuni

Miongoni mwa wanyonyaji damu wa tumboni, minyoo ya safura ndiyo iliyoenea zaidi katika maeneo ya joto na unyevunyevu. Mabuu yake huishi kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi na hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Husafiri na damu hadi kwenye mapafu, hupanda kooni, humezwa, kisha hujishika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mnyoo mmoja uliokomaa wa aina ya Ancylostoma duodenale humpotezea mtu takriban mililita 0.2 za damu kwa siku. Minyoo 25 ya aina hiyo inatosha kujaza kile kijiko cha chai.

Kisiwani Pemba, tafiti za miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa shule za msingi zilionyesha kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na minyoo mingi ya safura, ndivyo alivyozidi kuwa na upungufu wa madini ya chuma na damu. Mtoto wa namna hiyo husinzia darasani na huchoka haraka mchezoni, na wakubwa humwita mvivu.

Tiba ni rahisi: albendazole miligramu 400 au mebendazole miligramu 500 kwa dozi moja, kwa mtoto wa umri wa kwenda shule na mtu mzima. Mjamzito asimeze dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo apewe kwa ushauri wa kliniki. Viatu na choo bora ndivyo vinavyozuia minyoo isirudi.

Vidonda vya tumbo na dawa za maumivu

Kwa muda mrefu mawazo na pilipili vililaumiwa kwa kuleta vidonda vya tumbo. Katika miaka ya 1980, Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth nchini Australia, walionyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu huweza kuleta kidonda kinachovuja, na hata pasipo kidonda, uvimbe anaouleta tumboni huweza kupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12.

Hivyo, anayeishi na kiungulia kwa kunywa maziwa na dawa za kupunguza asidi huenda anapoza maumivu tu na kumwacha bakteria palepale. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu cha kingamwili hakitofautishi maambukizi ya zamani na ya sasa. Dawa kama omeprazole zisitishwe wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne, kwa maelekezo ya daktari. Dozi ya tiba huchanganya dawa kadhaa, mara nyingi kwa siku 14. Imalize, kisha pima tena baada ya wiki nne au zaidi.

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda kimo kabatini: diclofenac, ibuprofen na aspirin. Wanaozimeza kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti wamweleze daktari, hasa wazee.

Ganzi ya miguu

Ini huhifadhi vitamini B12 ya kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu wake huja polepole. Dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni, kusahau, na ulimi laini mwekundu. Walio hatarini ni wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, wazee, na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, au omeprazole kwa muda mrefu. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi asidhani moja kwa moja kwamba ni sukari tu. Apimwe B12 pia.

Dalili za kuangalia

Tazama viganja na upande wa ndani wa kope za chini: vimepauka? Uchovu usioisha, kuumwa kichwa, kuhema kwa kazi ndogo na kucha zinazobonyea katikati ni dalili pia. Hamu kubwa ya kula udongo, barafu au mchele mbichi mara nyingi ni ishara ya upungufu wa madini ya chuma. Mjamzito anayetafuna udongo asichekwe, apelekwe kupima, maana udongo huo nao unaweza kubeba mayai ya minyoo.

Hospitalini na mezani

Mbali na wingi wa damu, uliza kuhusu kipimo cha choo cha minyoo, kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, na kipimo cha Helicobacter pylori. Wanaoishi kando ya maziwa kama Victoria wapimwe pia kichocho cha tumbo. Mwanamume yeyote, na mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa madini ya chuma bila sababu, anastahili kipimo cha kamera, kwa sababu saratani ya utumbo mpana huweza kujificha hivyo. Daktari ataangalia pia malaria, hedhi nzito na selimundu.

Mezani, chai na kahawa huzuia ufyonzaji wa madini ya chuma, kwa hiyo zisubiri saa moja baada ya mlo. Kamulia ndimu kwenye maharage na mchicha, au kula chungwa au pera papo hapo, maana vitamini C husaidia ufyonzaji. Maini, nyama na dagaa hutoa madini yanayofyonzwa kwa urahisi zaidi.

Usisubiri

Nenda hospitali mara moja ukipata choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali, au ukitapika damu. Vidonge vya madini ya chuma navyo huweka choo rangi nyeusi, lakini hakinati wala hakinuki hivyo. Choo chenye damu, kupungua uzito bila sababu na chakula kukwama kooni navyo vinahitaji daktari mapema.

Dawa ya kuongeza damu uliyoandikiwa imeze, na uiendeleze miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi ili akiba ijae. Lakini kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari, muulize: damu yangu inapotelea wapi? Kama jibu halijapatikana, uchunguzi haujaisha.