Paa la banda la pawatila: nyasi, tembe au bati?

Leo sizungumzii mbegu wala viuatilifu. Wiki iliyopita nilipita Choma, huku kwetu Igunga, kwa mzee mmoja anayelima pamba na alizeti. Hela ya pamba amenunulia pawatila na tela lake, na nguzo za banda tayari zimesimama. Kilichobaki ni paa, na hilo paa ndilo limeigawa nyumba. Mzee anataka nyasi, maana nyasi anakata mwenyewe. Kijana wake anataka bati la msauzi jekundu, kama la nyumba ya jirani. Mama mwenye nyumba amekaa pembeni anapeta dengu, hasemi kitu.

"Bwana shamba, amua wewe," mzee akaniambia.

Nikamjibu, mzee wangu, siwezi kuamua mpaka nijue humo ndani kitalala nini. Watu wengi wakisikia gereji wanafikiria mafundi na magari ya mjini, lakini mkulima mwenye pawatila au trekta naye anahitaji gereji, na ya kwake ina mambo mengi kuliko ya mtu wa mjini. Tukaanza kuhesabu. Pawatila yenyewe. Pikipiki ya kijana. Pampu ya maji, ile inayotumia petroli. Dumu la dizeli. Gunia tatu za mbolea zilizobaki. Na ng'ombe wa kulimia wanafungwa upande wa pili wa ukuta.

Ukishapata orodha kama hiyo, nusu ya uamuzi umekwisha.

Tuanze na nyasi, kwa sababu ndizo zinazovutia mfuko. Paa la nyasi ni baridi mchana na halipigi kelele mvua ikinyesha, na kwa banda la mbuzi au la kuku sina ugomvi nalo. Ila nyasi zinataka mwinuko mkali, karibu nyuzi 45, vinginevyo maji hayateleki, yanazama. Kwa banda la upana wa mita 4 lenye paa la pande mbili, maana yake kilele kinapanda mita 2 juu ya kuta. Hapo mirunda inakuwa mirefu na mingi, na mirunda siku hizi si ya bure. Nyasi ndefu nazo zimepungua. Mifugo inakula, na moto wa kiangazi unamaliza zinazobaki. Halafu kuna mchwa na panya. Panya akiingia kwenye gereji hali nyasi tu, anatafuna na nyaya za pikipiki.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni petroli. Dizeli ni mvivu kuwaka, haitoi mvuke wa kutosha mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Petroli ni kitu kingine kabisa: inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini kwenye sakafu ukitafuta cheche. Mtu anajaza tenki la pikipiki ndani ya banda, mwenzake anapita na kibatari, basi. Chini ya bati unaweza kupata nafasi ya kuzima kwa mchanga. Chini ya nyasi kavu za Septemba, utakimbia wewe tu.

Nilishaona banda la namna hiyo kijiji kingine, sikutaji. Cheche ilitoka jikoni, upepo ukaibeba. Pawatila ilibaki chuma cheusi, matairi yameyeyuka, na mwenye nayo aliendelea kulipa mkopo wa kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: palipo na petroli, paa la nyasi halifai hata kama ni la bure.

Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tufanye tembe, kama wazee."

Swali la maana hilo, na sikulicheka. Tembe ndiyo nyumba ya asili ya ukanda wetu mkavu. Ukienda Kwihara, karibu na Tabora mjini, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na leo ni makumbusho. Wafanyabiashara wa misafara nao walikaa kwenye matembe na kuweka mali zao humo, na ukiingia mchana wa jua kali unaelewa sababu. Juu ni miti, kisha fito, kisha nyasi au majani, halafu udongo ulioshindiliwa. Joto halipiti upesi, na cheche ikidondoka juu ya udongo inakufa yenyewe.

Shida ya tembe kwa gereji ni uzito. Piga hesabu na mimi. Paa la mzee, pamoja na mabaraza ya kuzuia mvua, ni mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30. Ukiweka udongo wa sentimita 15 tu, hizo ni mita za ujazo 4.5, karibu tani 7 ukiwa mkavu. Ukilowa unaongezeka. Nyumba ya vyumba vidogo inabeba kwa sababu kuta na nguzo ziko karibu karibu. Gereji haitaki nguzo katikati, pawatila na tela litageukia wapi? Na ukikosa kulikandika upya kila kabla ya mvua, linavuja polepole, miti inaoza ndani bila wewe kuona, siku moja linashuka lote juu ya mashine. Kwa hiyo tembe hapana, kwa masikitiko.

Vigae vya saruji nitavipitia haraka: vina zaidi ya kilo 40 kwa mita ya mraba, vinataka kenchi imara ya mbao nyingi. Kwa banda la shamba ni fedha iliyopotea njia. Na kama kuna mtu anakuuzia mabati ya zamani ya asbesto yaliyotolewa kwenye jengo kuukuu, hata akikupa bure usichukue. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na likikatwa au kutobolewa misumari ndipo linapotoka.

Tunabaki na bati. Hapa kijana akachangamka. Nikamwambia, kijana wangu, subiri kwanza, rangi ni ya mwisho.

Bati linanunuliwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni karibu 0.3, geji 32 ni chini ya hapo. Kwa gereji usishuke chini ya geji 30. Ile ya 32 fundi akiikanyaga inabonyea, na mahali ilipobonyea maji yanakaa. Tatizo ni kwamba kilichoandikwa si lazima kiwe ndicho kilichopo. Tafuta alama ya TBS, halafu fanya ninachofanya mimi: pima uzito. Mzani wa pamba upo pale AMCOS. Bati la kawaida la mita 3, lenye unene wa milimita 0.3, linafika kilo 6 na kitu. Likisoma kilo 4 na kidogo, umeuziwa jina la geji 30 na bati la 32. Wauzaji wengine hawapendi ukibeba bati kwenda mzanini. Wasipopenda, nenda duka la pili.

Kuhusu ngozi ya bati: la zinki tupu ni la bei nafuu, lile la zinki na aluminiamu kwa kawaida linadumu zaidi na linarudisha jua vizuri. Lakini kumbuka ng'ombe wa mzee upande wa pili wa ukuta. Hewa ya mkojo na samadi inakula mabati yote, na hilo la aluminiamu halilipendi zizi hata kidogo. Ama zizi lisogezwe, ama paa la gereji lisiendelee juu ya zizi. Mbolea ya chumvichumvi nayo isiegemezwe kwenye bati la ukuta. Mbegu na dawa za pamba zisikae humo kabisa, kwa sababu chini ya bati mchana wa Oktoba ni tanuri. Acha nafasi wazi ya kiganja kati ya ukuta na paa joto litoke, na matundu chini ya ukuta kwa ajili ya ule mvuke wa petroli.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho watu hawakiulizi, nacho ndicho kinachobeba mabati kila Novemba. Upepo.

Paa la mzee likiezekwa kwa geji 30, mabati yote kwa pamoja hayafiki kilo 90, chini ya gunia moja la mahindi. Upepo wa dhoruba wa kilomita 90 kwa saa ukigonga kitu bapa unakisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 39 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 30 hiyo ni zaidi ya tani moja. Na gereji ina ubaya wake: mbele iko wazi. Upepo unaingia ndani, unakosa pa kutokea, unasukuma paa kwa chini, huku ule unaopita juu unalinyonya. Kwa hiyo usidanganyike kwamba bati linakaa kwa uzito wake. Linakaa kwa vile vitu ulivyolifungia, kuanzia msumari mpaka ardhini.

Tukazunguka zile nguzo. Nikatikisa moja, ikacheza kama jino bovu. Ilikuwa imechimbiwa futi moja tu, tena kwenye udongo mweusi wa mbuga. Wenyeji mnaujua huu udongo: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Nguzo ndani yake haiwezi kushika. Kule juu ya kiwanja, hatua kama 40, kuna luseni, udongo wa kichanga usiovimba. Nikamwambia mzee ukweli, hata kama unauma: nguzo hizi zing'olewe, ziende kule, zichimbiwe si chini ya sentimita 75, na chini zishindiliwe kwa mawe. Akaguna.

Kutoka nguzo kwenda juu, kila papi ifungwe kwa waya mzito unaozunguka mpaka kwenye nguzo, msumari peke yake unachomoka. Kwenye ukingo wa paa, papi ziwe karibu karibu na misumari iwe mingi zaidi, kwa sababu upepo huanza kufunua pembeni. Msumari wa bati wenye kofia upigwe juu ya mgongo, si kwenye bonde ambako maji yanapita, na ncha ikitokeza ipindwe. Mteremko wa sentimita 20 kwa kila mita unatosha. Mdomo wa banda uelekee kaskazini au magharibi, maana upepo wa kiangazi kwetu unatoka sana mashariki. Lakini waulize na wazee wa mtaa dhoruba za kwanza huwa zinatokea upande gani. Wanajua kuliko simu yako.

Nilipomaliza, mzee akasema gharama imekuwa kubwa, heri arudi kwenye nyasi na pikipiki ilale nje. Hapo mama akaweka ungo chini.

"Baba, nyasi zitanipa maji?"

Wote tukamgeukia. Na yeye ndiye aliyeona mbali kuliko mimi na vitabu vyangu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 30, mvua moja nzuri ya milimita 20, ni lita 600. Huku kwetu msimu mzima unaleta kama milimita 500 hadi 700. Ukichukua 600 na ukatoa yanayomwagika na yanayokauka juu ya bati, unabaki na lita kama 14,000. Huwezi kuzihifadhi zote, simtanki la lita 2,000 litajaa na kufurika mara kadhaa. Lakini ni maji ya mlangoni, ya kuchanganyia dawa ya pamba, ya kunywesha ng'ombe wa kulimia wakati wa kazi, na ya ndoo ambazo mama huyu anazifuata mbali kila asubuhi. Paa la nyasi linatoa maji ya rangi ya chai yenye takataka. Mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe bati, na maji ya kunywa yachemshwe.

Mzee akamwangalia mkewe, kisha kijana, kisha nguzo zake. Akauliza kama bati jekundu linakinga maji kuliko jeupe. Nikamwambia maji ni yale yale, ila jeupe lina joto dogo, na tofauti ya bei wanunue mfereji wa kukingia. Kijana akakubali kwa shingo upande.

Nilipowasha pikipiki kuondoka, mzee alikuwa ameshika sururu, anang'oa nguzo ya kwanza.